Kufasiri Ishara na Utambulisho katika Sanaa ya Usurealisti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wanafunzi wa sanaa, walimu, wazazi na wageni wa maonyesho jijini Nairobi, wanaposimama mbele ya picha isiyofuata mantiki ya kawaida. Kila jibu linasomeka peke yake, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Usurealisti ni nini hasa?

Ni harakati ya fasihi na sanaa iliyotangazwa mjini Paris mwaka 1924, mshairi André Breton alipochapisha ilani yake ya kwanza. Breton alikuwa amesomea udaktari, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwahudumia askari waliovurugika akili, kazi iliyomkutanisha na mawazo ya Sigmund Freud kuhusu ndoto na yale yaliyofichika ndani ya nafsi. Yeye na wenzake waliona kwamba akili iliyojisifia utaratibu wake ndiyo iliyoupeleka ulimwengu vitani, wakaamua kuutafuta ukweli mahali ambapo akili hiyo haina ulinzi: katika ndoto, katika sadfa, katika maneno yanayomtoka mtu kabla hajayapima.

Njia zao kuu zilikuwa mbili. Baadhi yao, kama André Masson, waliuachia mkono uchore bila kupanga, kisha wakazitambua sura zilizojitokeza. Wengine, kama Salvador Dalí na René Magritte, walichora kwa uangalifu mkubwa hata kila kitu kikatambulika waziwazi, ila vitu hivyo wakavikutanisha mahali ambapo havikutarajiwa. Anayeuliza kuhusu ishara kwa kawaida huwa amesimama mbele ya kazi za kundi hili la pili.

Je, kila picha ya ajabu ni ya usurealisti?

La. Hieronymus Bosch alichora viumbe vya kutisha miaka 400 na zaidi kabla ya ilani ya Breton, na ngano zetu za pwani na bara zimejaa mazimwi tangu zamani. Picha huhesabiwa kuwa ya usurealisti kwa nia na njia yake: msanii ameiacha mantiki ya kila siku kwa makusudi, ili aifikie sehemu ya nafsi ambayo mantiki hiyo huifunika.

Utambulisho unahusikaje na picha za ndoto?

Jengo la Nairobi Gallery, lililojengwa mwaka 1913 pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, zamani lilikuwa ofisi ya serikali ambamo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Leo kuta zake zimetundikwa kazi za sanaa. Daftari la msajili humweleza mtu kwa mstari mmoja: jina, wazazi, tarehe, mahali. Wasurealisti waliutilia shaka mstari huo. Waliuliza ni watu wangapi wanaoishi ndani ya jina moja, ni nani anayeota mtu anapolala, na ni sehemu gani ya nafsi iliyofundishwa kunyamaza ili mtu akubalike mbele ya wenzake.

Kwa sababu hiyo, ishara na utambulisho katika sanaa hii haviachani. Mnyama, kioo, nguo au uso uliofunikwa mara nyingi ni namna ya msanii kusema jambo kuhusu nafsi ambalo picha ya pasipoti haiwezi kulisema.

## Kusoma ishara

Je, kuna orodha ya maana za ishara ninayoweza kuitumia?

Hakuna swali linaloulizwa zaidi kuliko hili. Orodha ya kuaminika haipo, na zile zinazosambazwa mitandaoni hupotosha zaidi ya zinavyosaidia. Kwetu tumezoea ndoto zifasiriwe kwa kanuni: husemwa kwamba ukiota nyoka una adui, na ukiota meno yaking'oka kuna msiba unakuja. Mwenye mazoea hayo hufika mbele ya picha akitarajia kanuni ya namna hiyohiyo. Lakini hata Freud, ambaye wasurealisti walimsoma kwa bidii, alimtaka mwotaji mwenyewe aeleze kila kipande cha ndoto kinamkumbusha nini.

Chukua mchoro wa Dalí wa saa zilizolegea, uitwao Kudumu kwa Kumbukumbu, wa mwaka 1931, unaohifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Wengi hushangaa kusikia kwamba ni mdogo sana, sentimita 24 kwa 33 tu. Wapo wanaosema kuwa saa hizo zinaeleza nadharia ya Einstein kuhusu wakati. Dalí alisema kwamba wazo lilitokana na jibini ya Camembert iliyokuwa ikilainika. Je, basi, mchoro unahusu jibini? Haiwezekani. Jibini hutueleza umbo lilikotoka, ilhali maana hutokana na kazi ambayo umbo hilo linaifanya likiwa pamoja na majirani zake ndani ya picha. Chombo kigumu cha kupimia wakati kimelegea. Saa ambayo haikulegea imevamiwa na sisimizi, wadudu ambao Dalí aliwatumia mara kwa mara kuashiria uozo. Nyuma yake imesimama miamba ya pwani ya Catalonia aliyoijua tangu utotoni, nayo haijalegea hata kidogo. Wakati unaopimwa unayeyuka, na mahali pa utoto pamebaki imara. Usomaji huo haukutoka kwenye orodha yoyote, na yeyote mwenye subira anaweza kuufikia.

Nianzie wapi, basi, ninaposimama mbele ya picha?

Anza kwa kutaja unachokiona, kwa sauti ukiweza, kabla ya kusema kina maana gani. Taja vitu vya kawaida kwanza, kisha ulichokiona kimehamishwa, kimekuzwa, kimekatwa au kimebadilishwa malighafi, kwa kuwa mara nyingi msanii ameweka uzito wake hapo. Mwaka 1936 Meret Oppenheim alikifunika kikombe, kisahani na kijiko kwa manyoya ya mnyama. Kikombe ni cha kawaida na manyoya ni ya kawaida, ila mdomo wa mtazamaji hukataa papo hapo, na kukataa huko ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya hapo, tazama kazi nyingine za msanii huyohuyo uone ni nini kinachorudi. Max Ernst, kwa mfano, alichora ndege kwa miaka mingi na kumpa ndege mmoja jina la Loplop, akimfanya msemaji wake. Asiyejua hilo atamwona ndege wa kawaida tu. Kisha uliza kazi ilifanywa lini na wapi. Hisia zako ziandike pia, lakini uziandike kando, ili ujue ni kipi kimetoka kwenye picha na kipi umekuja nacho kutoka nyumbani. Walimu wanaoleta madarasa kwenye maonyesho ninawasihi wawaache wanafunzi wakae na kazi kwanza, kabla hawajayasoma maandishi ya ukutani.

Nikimwona fisi katika mchoro wa Leonora Carrington, nimsome kama fisi wa ngano zetu?

Msome hivyo, lakini usiishie hapo. Carrington alizaliwa Uingereza mwaka 1917 katika familia tajiri iliyotaka awe binti wa heshima wa tabaka lake. Katika picha aliyojichora mnamo 1937 na 1938, iliyoko sasa katika Jumba la Metropolitan la New York, ameketi kitini nywele zikiwa timutimu, akimnyooshea mkono fisi jike mwenye maziwa. Farasi mweupe wa kuchezea ananing'inia ukutani nyuma yake, na dirishani anaonekana farasi mweupe wa kweli akikimbia huru.

Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za sungura na fisi anamjua fisi kuwa mlafi na mjinga, na katika jamii zetu kadhaa mnyama huyu huhusishwa pia na uchawi na usiku. Kwa kipimo hicho mtu angesema kwamba msichana anaonywa. Picha yenyewe inakataa. Mkono wake hauna hofu, fisi anauiga mkao wake, na rangi ya nywele zake inafanana na ya manyoya ya mnyama. Carrington aliandika pia hadithi fupi ambamo fisi anakwenda kwenye dansi ya heshima badala ya msichana asiyetaka kwenda. Hapo inadhihirika kwamba fisi ni yeye mwenyewe, ile nafsi iliyokataa kufugwa.

Ngano zetu hazijawa bure hata hivyo. Fisi wetu ni yule asiyejua adabu ya mezani, anayecheka usiku watu wakiwa wamelala, anayebaki nje ya boma. Carrington alimtaka fisi kwa sifa hizohizo ambazo sisi tunamlaumia. Mtazamaji wa Nairobi anayeliona hili amepata jambo ambalo mtu asiyewahi kusikia fisi akilia huenda lisimjie kwa urahisi. Ninachoomba ni kwamba, unapoandika, useme waziwazi ni kipi kinachobebwa na mchoro na ni kipi unachokiongeza kutokana na malezi yako.

Je, maisha ya msanii hueleza kila kitu?

Yanasaidia, na yanaweza pia kuharibu. Mama yake Magritte alikufa maji katika mto Sambre mwaka 1912, mwanawe akiwa na umri wa miaka 13, na imesimuliwa kwamba mwili ulipoopolewa, vazi lake lilikuwa limemfunika uso. Mwaka 1928 Magritte alichora wapenzi wawili wakibusiana huku vichwa vyao vimefunikwa kwa kitambaa. Ni rahisi mno kuunganisha mambo haya mawili na kufunga daftari. Magritte hakuupenda ufasiri huo, nami nauona kuwa mwembamba: unamfanya mtazamaji aache kuwatazama wapenzi hao, ambao wamekaribiana kadiri watu wanavyoweza kukaribiana na bado hawaonani. Maisha ya msanii yatumike kufungua maswali, na picha iachwe na neno lake.

## Nafsi na utambulisho

Kwa nini Frida Kahlo alijichora akiwa watu wawili?

Mchoro uitwao Frida Wawili ni wa mwaka 1939, wakati ndoa yake na Diego Rivera ilipovunjika. Mwaka uliofuata walioana tena. Frida mmoja amevaa gauni jeupe la mtindo wa Ulaya, mwingine vazi la wanawake wa Tehuantepec nchini Mexico. Mioyo yao iko wazi na imeunganishwa kwa mshipa mmoja. Aliyevaa vazi la Kimexico ameshika picha ndogo ya Rivera akiwa mtoto. Aliyevaa gauni jeupe ameubana mshipa kwa koleo la daktari, lakini damu bado inadondoka kwenye nguo.

Baba yake Kahlo alitoka Ujerumani, na mama yake alikuwa Mmexico mwenye asili ya wenyeji na ya Kihispania. Ufasiri wa haraka husema kwamba mmoja ni wa Ulaya na mwingine ni wa Mexico, basi. Mikono yao iliyoshikana na mshipa unaowaunganisha vinataka zaidi ya hapo: mmoja akivuja damu, mwingine pia anapungukiwa. Kwa msomaji anayezungumza Kikamba au Kiluo na mama yake, Kiswahili sokoni na Kiingereza kazini, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Tukumbuke pia kwamba Kahlo hakukubali kuitwa msurealisti. Breton alimpokea kwa furaha alipozuru Mexico mwaka 1938, lakini yeye alisema kwamba hakuchora ndoto, alichora uhalisia wake mwenyewe. Kauli hiyo inastahili kuheshimiwa hata na wanaozisoma kazi zake sambamba na za wasurealisti.

Je, msanii kubadilisha jina lake ni sehemu ya kazi yake?

Mara nyingine, ndiyo. Mfaransa Claude Cahun, aliyezaliwa mwaka 1894 kwa jina la Lucy Schwob, alichagua jina ambalo halionyeshi kama mwenyewe ni mwanamke au mwanamume, kisha akajipiga picha akiwa katika sura nyingi, kila moja ikiwa ya kweli kama nyingine. Hapa Kenya tunaye Sane Wadu, aliyekuwa mwalimu kabla ya kujitosa katika uchoraji. Watu walimwona mwendawazimu kwa uamuzi huo, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Sidai kwamba Wadu ni msurealisti. Ninachosema ni kwamba anayezitazama picha zake bila kulijua jina hilo lilivyopatikana anapoteza ufunguo mmoja muhimu, kwa kuwa swali la nani ana akili timamu na nani anayeamua ndilo lililowashughulisha pia akina Breton.

## Afrika na usurealisti

Je, usurealisti si jambo la Wazungu tu?

Historia inakanusha. Mwezi Desemba 1938 waandishi na wasanii mjini Cairo, wakiongozwa na mshairi Georges Henein, walitoa ilani ya kuitetea sanaa ambayo Wanazi waliiita potovu, na kutokana nayo likazaliwa kundi la Sanaa na Uhuru. Mchoraji Ramses Younan alikuwa miongoni mwao, na baadaye Inji Efflatoun. Huko Martinique, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Ufaransa, waandishi Aimé na Suzanne Césaire walitoa jarida la Tropiques kuanzia mwaka 1941, wakiugeuza usurealisti kuwa silaha dhidi ya ukoloni. Mchoraji wa Ethiopia Skunder Boghossian alipokuwa Paris alikutana na kazi za Wifredo Lam, akajenga lugha yake yenye ndege, mayai na maandishi ya Kiethiopia.

Lam mwenyewe anastahili kutazamwa kwa makini. Alizaliwa Cuba mwaka 1902. Baba yake alikuwa Mchina, na mama yake alikuwa na asili ya Kiafrika na ya Kihispania. Katika mchoro wake mkubwa, Msitu, alioumaliza mwaka 1943, miili ya watu inachanganyika na mashina ya miwa, na nyuso zao ni vinyago. Miwa haioti msituni. Ni zao la mashamba walikofanyishwa kazi watumwa. Mtazamaji akiliona hilo, kinachoonekana kama ndoto kinakuwa historia.

Je, wasurealisti walichukua vitu vya Kiafrika bila kujali vina maana gani kwa wenyewe?

Mara nyingi walifanya hivyo. Mwaka 1921 Max Ernst alichora dubwana kubwa la mviringo lenye kitu kama mkonga, liitwalo Tembo wa Celebes, lililoko leo London. Umbo lake lilitokana na picha ya ghala la nafaka kutoka Sudani. Mtu aliyekulia kando ya ghala analijua kuwa ishara ya shibe, ya mavuno na ya nyumba iliyotulia. Mikononi mwa Ernst, kijana aliyetoka kupigana vitani, likawa mashine ya kutisha. Mwaka 1926 Man Ray alipiga picha ya uso mweupe wa mwanamke kando ya kinyago cheusi cha mtindo wa Wabaule, watu wa Côte d'Ivoire. Mwanamke huyo anajulikana kwa jina, Kiki. Fundi aliyekichonga kinyago hatajwi.

Haki inataka tuseme pia kwamba mwaka 1931 wasurealisti waliwahimiza watu wa Paris wasiende kwenye Maonyesho ya Kikoloni, na wakashiriki kuandaa maonyesho ya kupinga ukweli kufichwa kuhusu makoloni. Walikuwa upande wetu kisiasa, na bado walizoea kuvitumia vitu vya wengine kama ndoto zao wenyewe. Anayefasiri kazi zao akiwa Nairobi ayashike mambo yote mawili, na alirudishie ghala maana yake ya kwanza kabla ya kueleza Ernst alilifanyia nini.

Je, Wangechi Mutu na Jak Katarikawe ni wasurealisti?

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, hukata vipande vya majarida na michoro ya kitabibu na kuviunganisha kuwa miili ya wanawake yenye sehemu za wanyama, mimea na mashine. Mbinu hiyo ya kuunganisha vipande, iitwayo kolaji, wasurealisti waliitumia sana, lakini maswali ya Mutu ni yake: ni nani anayeutazama mwili wa mwanamke Mwafrika, na kwa faida ya nani? Mwaka 2019 aliweka sanamu 4 za shaba nyeusi kwenye vidaka vya ukuta wa mbele wa Jumba la Metropolitan, ambavyo vilikuwa vitupu tangu sehemu hiyo ya jengo ilipokamilika mwaka 1902. Katarikawe, aliyezaliwa Uganda na kuishi Nairobi kwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 2018, aliwachora ng'ombe wakipendana kama watu, na alisema kwamba picha zake humjia ndotoni.

Kuwaita wasurealisti ni kuwapa kitambulisho ambacho hawakukiomba. Zana za kusoma ishara zilizoelezwa hapo juu zinawafaa vizuri, bango halihitajiki.

Kazi za namna hii naweza kuziona wapi Nairobi?

Michoro iliyotajwa ya Dalí, Kahlo na Lam iko ng'ambo, kwa hiyo hapa utaiona vitabuni na kwenye tovuti za majumba yanayoihifadhi. Kwa wasanii wa kanda yetu, anza na Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, Nairobi Gallery, Taasisi ya Sanaa ya Kisasa ya Nairobi iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, Circle Art Gallery na Banana Hill. Maonyesho hubadilika, basi ulizia kabla ya kwenda.

## Hali zenye utata

Jamaa zangu wanasema picha hizi ni za kishetani. Niwajibu nini?

Wajibu kwa heshima, kwa sababu hofu hiyo ina mizizi nchini. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda hata tume ya kuchunguza ibada ya shetani. Wala usiwafiche kwamba baadhi ya wasurealisti walipingana na kanisa waziwazi: mwaka 1926 Max Ernst alimchora Bikira Maria akimchapa mtoto Yesu, akijua atawaudhi waumini. Lakini jicho, pembe au mbuzi kwenye turubai si alama ya chama cha siri. Anayesoma hivyo anadhani kila ishara ina maana moja iliyofichwa, na hilo limejibiwa katika swali kuhusu orodha ya maana.

Njia bora niijuayo ni kuuliza: "Shangazi, ni kitu gani hasa hapa kinachokutisha?" Akionyesha kwa kidole na kueleza, ameanza kufasiri, na mara nyingi atakuwa ameona jambo ambalo wataalamu wamelipita.

Fasiri mbili zinapopingana, ipi ni sahihi?

Zote mbili zinaweza kusimama, lakini hazisimami kwa nguvu sawa. Yenye nguvu ni ile inayoeleza sehemu nyingi zaidi za picha bila kuruka zinazoisumbua. Ufasiri wa fisi kama onyo, uliojadiliwa hapo juu, unaanguka kwa sababu hauwezi kuueleza mkono ulionyooshwa.

Picha iliyotengenezwa na programu ya akili mnemba inaweza kuwa ya usurealisti?

Inaweza kufanana nayo kwa sura. Ishara, hata hivyo, huulizwa kwa mtu: ni nani aliyeichagua picha hiyo kati ya nyingine nyingi, na kwa nini akaibakiza? Mwenye jibu la kweli anaweza kuendelea na mazungumzo. Asiye nalo ametupa sura tu.

Mimi ni mchoraji. Je, nieleze ishara zangu kwenye maandishi ya ukutani?

Andika jina la kazi, mwaka na malighafi, kisha ongeza jambo moja ambalo mtazamaji hawezi kulijua kwa kutazama. Armitage, kwa mfano, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda ambacho Waganda hukitumia katika mazishi. Asiyeambiwa hilo ataona mashimo na mishono tu. Akishaambiwa, ataitazama picha nzima upya. Ukishalitaja jambo la namna hiyo, usieleze kila ndege na kila kivuli. Na mgeni akikuuliza ana kwa ana, mwulize kwanza yeye ameona nini, umsikilize mpaka amalize.